Kijana wako anataka mashine ya kuchimba bitcoin? Anzeni na LUKU

Simu ya mama kutoka Mogitu iliingia saa moja jioni, muda ambao kwa kawaida anakuwa zizini anakamua. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdogo wako anataka tuuze ng'ombe wawili."

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Tangu hapo analima mahindi na mbaazi na mama, na usiku anakaa na simu. Mtu mmoja aliyekutana naye mtandaoni alimtumia picha ya mashine ya kuchimba bitcoin, akamwambia bei ni shilingi milioni 1.6, imetumika kidogo, unaichomeka ukutani na hela inaingia hata ukiwa umelala. Ng'ombe wenyewe ndio tuliokuwa tumewatenga kwa ajili ya ada ya chuo cha uuguzi ya mdogo wetu wa kike.

"Wewe ndiye umesoma," mama akaniambia. "Niambie kama ni kweli."

Mimi huandika habari za afya, si za fedha. Lakini najua nyumba nyingi zina kijana wa namna hii, na mzazi anayeogopa kukataa asije akaonekana wa kizamani. Nikaomba siku tatu. Haya ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Wanachimba nini hasa?

Bitcoin ilianza Januari 2009. Ni sarafu isiyo na benki kuu. Miamala yake inaandikwa na kompyuta nyingi duniani zinazoshindana kutegua fumbo la hesabu. Kila baada ya dakika kama 10 mmoja anashinda na kupewa zawadi. Tangu Aprili 2024 zawadi hiyo ni bitcoin 3.125, nusu ya iliyokuwapo kabla, na hupunguzwa nusu kila baada ya miaka kama minne.

Mwanzoni kompyuta ya kawaida ilitosha. Kisha watu wakahamia kwenye kadi za picha, zile za kompyuta za michezo. Tangu mwaka 2013 zimekuja mashine maalumu zinazoitwa ASIC, ambazo hazijui kazi nyingine yoyote zaidi ya hesabu hiyo moja. Huwezi kuandikia barua wala kuangalia picha. Bei ya bitcoin ikianguka, huna kompyuta mkononi, una chuma chenye feni.

Kwa hiyo ukisikia simu "inachimba" bitcoin, jua haiwezi kukuletea pesa ya maana. Google na Apple zilipiga marufuku programu za kuchimba kwenye simu tangu mwaka 2018. Zile za kubonyeza kitufe kila siku hazifanyi hesabu yoyote ya bitcoin ndani ya simu. Zinachukua muda wa mtoto, taarifa zake na usingizi wake.

Na ukiuziwa kompyuta yenye kadi nyingi za picha kwa ajili ya kuchimba Ethereum, hiyo biashara haipo tena. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa mfumo wa kuchimba. Kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo mchana na usiku ziliishia sokoni kama mitumba.

Hesabu tuliyoifanya mezani

Nilipofika Mogitu, sikumwambia mdogo wangu kwamba anatapeliwa. Nilimwomba daftari na kalamu.

Mashine aliyotumiwa picha ni Antminer S9, toleo la mwaka 2016. Hufanya mahesabu kama trilioni 14 kwa sekunde na kula umeme wa wati 1,350. Tukaiweka kando ya Antminer S21, mojawapo ya mashine kubwa za miaka ya karibuni, ambayo hufanya mahesabu trilioni 200 kwa sekunde na kula wati 3,500.

Kwanza mapato. Kwa siku zinatolewa bitcoin kama 450 duniani kote. Tukachukua siku nzuri ya mwaka 2025, bitcoin moja ikiwa dola 100,000. Hiyo ni dola milioni 45 za kugawana dunia nzima. Kwa ukubwa wa mtandao wa mwaka huo, S21 moja ilikuwa sehemu moja kati ya milioni tano. Gawanya, unapata dola 9 kwa siku. Kwa makadirio ya shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 22,500.

"Dada, si nilikuambia!" akasema. Hiyo ni hela ambayo kibarua wa shambani hapati kwa siku.

Sasa LUKU. Wati 3,500 kwa saa 24 ni uniti 84. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika kama shilingi 356. Zidisha: karibu shilingi 30,000 kwa siku. Mashine inaingiza 22,500 na kula 30,000. Kwa mwezi ni hasara ya zaidi ya shilingi 200,000, na bado hujarudisha bei ya mashine, ambayo ikiwa mpya ni maelfu ya dola.

Ile S9 ya milioni 1.6 ni mbaya zaidi. Ingeingiza kama shilingi 1,600 kwa siku na kula umeme wa zaidi ya shilingi 11,000.

Akajitetea kwamba nyumbani tunalipa shilingi 100 kwa uniti. Ni kweli, lakini bei hiyo ni ya wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. S21 inamaliza uniti hizo kabla siku ya kwanza haijaisha. Ukizidi, kila uniti inahesabiwa shilingi 350 kabla ya kodi.

Mama alikuwa amenyamaza muda wote akichambua maharage. Akauliza tu: "Ng'ombe anayekula pumba za elfu kumi na moja na kutoa maziwa ya elfu moja na mia sita, mnamfuga wa nini?"

Mbona wengine wanapata?

Mdogo wangu aliuliza swali zuri: kama ni hasara, nani anachimba?

Wanaochimba kwa faida ni wale wenye umeme wa bei ya chini sana. Wapo hata jirani zetu. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, mashine zilianza kuchimba mwaka 2020 ndani ya makontena huko Luviro, kando ya kituo cha umeme wa maji cha hifadhi yenyewe, wakati mapato ya utalii yalikuwa yameporomoka. Kenya kuna kampuni ya Gridless, inayoweka mashine kwenye mitambo midogo ya maji vijijini na kununua umeme unaobaki, ule ambao wanakijiji hawajaweza kuutumia. Ethiopia nayo imewauzia wachimbaji umeme wa mabwawa kwa kama senti 3 za dola kwa uniti. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa kama senti 14.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Hawa walitafuta umeme kwanza, mashine ikafuata. Anayeanza na mashine ameanza mwisho. Hata baridi ya Mogitu, ambayo mdogo wangu aliitaja kama mtaji wetu, inasaidia kupoza mashine tu. Haipunguzi uniti hata moja.

Upande wa afya, ambao muuzaji hausemi

Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine hii unatoka kama joto. S21 moja ni sawa na kuwasha pasi tatu zenye wati elfu moja na zaidi, usiku na mchana, bila kuzima. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, yaani inabeba wati kama 3,000. Mashine ya wati 3,500 imeshaizidi. Hata S9, ukiichomeka kwenye waya wa nyongeza ulio dhaifu na kuiacha wiki nzima, unakaribisha nyaya kuyeyuka na moto kuanza watu wakiwa wamelala.

Kelele ni jambo la pili. Feni zake hutoa desibeli kama 75, sawa na kusimama kando ya barabara kuu yenye magari mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Katika nyumba ya vyumba viwili au vitatu, hakuna mahali pa kuificha mashine hiyo. Mtoto mchanga, mgonjwa wa presha na mwanafunzi wa kidato cha nne wote wataisikia.

La tatu ni usingizi wa kijana mwenyewe. Walio na umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa usiku. Mdogo wangu ameshavuka umri huo, lakini mama aliniambia huamka saa nane usiku kuangalia bei, na asubuhi hana hamu ya uji. Ukiona hivyo, mzazi, usianze na ukali. Muulize anatafuta nini kwenye ile simu. Wangu alijibu kwamba amechoka kuomba hela ya vocha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Mwambie kijana akujibu kwa maandishi:

1. Mashine ni toleo gani, la mwaka gani, na inakula wati ngapi? Zidisha wati kwa 24, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti za siku.

2. Uniti hizo ni shilingi ngapi kwa bei yetu, pamoja na kodi?

3. Inaingiza kiasi gani leo? Na bei ya bitcoin ikishuka nusu?

4. Mashine iko wapi, tunaweza kuiona ikiwaka kabla ya kulipa? Anayesema "lipa, mashine itachimba kwa niaba yako huko iliko" hakuuzii kifaa, anakuomba umwamini. Wazazi wengi wanaikumbuka DECI, ile ya kupanda na kuvuna, iliyosimamishwa mwaka 2009 watu wakiwa wameshapanda akiba zao.

5. Sheria inasemaje? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Ukidhulumiwa, usitegemee benki ikurudishie.

Ng'ombe bado wapo

Siwezi kusema mdogo wangu alifurahi. Alikaa nje hadi giza likaingia, akitazama upande wa mlima. Asubuhi nilimkuta ameshika daftari, anasoma maandishi ya nyuma ya redio na chaji ya simu, anaandika wati. Alikuwa amegundua kwamba taa ya nje inayowaka usiku kucha inatula zaidi ya alivyodhani.

Mama akamwita: "Njoo uniambie na hili friji la dukani kwa shangazi yako linakula ngapi."

Tumekubaliana tuulize nafasi ya ufundi umeme VETA. Bei ya bitcoin bado anaiangalia, ila sasa anaiangalia mchana. Ada ya chuo cha uuguzi bado iko zizini, inatafuna majani.