NENO "TOO" LINA KIPIMO NDANI YAKE
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wakulima wa skimu hupata karatasi nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Ziko risiti za mizani, barua za mkopo, vibandiko vya chupa za dawa, na maagizo ya kwenye mifuko ya mbegu na mbolea. Mtu akikuta neno refu husimama akauliza maana yake. Lakini neno fupi hulipita, kwa kuwa adhani alijua. Moja la maneno hayo ni "too". Lina herufi tatu tu, nalo laweza kumpotezea mkulima mavuno, ng'ombe au msimu mzima.

"Very" na "too" si sawa

Wengi hufasiri maneno haya mawili kwa neno moja, yaani "sana". "Very" ndiyo sana. "Too" ni kupita kiasi, hata kitu kisifae kwa kazi iliyokusudiwa.

Fikiri kibaba cha kupimia mahindi. Kikijaa hadi ukingoni ni "very full", wala hakuna hasara. Ukizidi kumimina na punje zikamwagika chini, ni "too full". Basi "very" hueleza wingi wa jambo, bali "too" husema kwamba mpaka umevukwa. Kila uonapo "too", uliza: mpaka wenyewe uko wapi?

"Too wet"

Maneno haya huandikwa juu ya mahindi yaliyokataliwa kwenye ghala. Asomaye "yana maji sana" hudhani ameambiwa habari tu, akangoja malipo. Kumbe mahindi yamekataliwa.

Mpaka wake ni huu: mahindi ya kuwekwa ghalani hayatakiwi kuwa na maji zaidi ya sehemu 13.5 katika 100. Kwa gunia la kilo 90, hayo ni maji ya kama kilo 12. Yakizidi hapo, mahindi hupata joto na kuota kuvu, na kuvu nyingine huleta sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo mwenye ghala aandikapo "too wet" si kwamba amemchukia mtu.

Yaanike tena juu ya turubai, usiyaweke juu ya udongo mtupu. Kisha tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu yenye mfuniko, uitikise vizuri, uiache itulie. Chumvi ikishika kandokando ya chupa, maji yamezidi 15 katika 100, endelea kuanika. Isiposhika, usidhani kazi imekwisha, kwa maana kutoka 15 hadi 13.5 bado kuna safari. Hapo ndipo upeleke yapimwe kwa mashine.

"Too strong" na "too weak"

Maneno haya huhusu dawa ya kupe. Dawa ikiwa "too strong", yaani kali kupita kiasi, huweza kumchoma ng'ombe ngozi au kumdhuru kwa sumu. Ikiwa "too weak", yaani imezidishiwa maji, kupe hawafi wote, na wanaobaki huzaa kupe wanaoizoea dawa. Mtu ajaribuye kuokoa fedha kwa kuongeza maji huona amepata faida leo, na kesho ndigana humwingilia bomani. Mpaka wa dawa umeandikwa kwa tarakimu kwenye chupa. Ufuate kwa kipimo, wala si kwa jicho.

"Too late to plant"

Hapa pana mtego mkubwa kuliko yote. Kwa Kiingereza, "too" likifuatwa na "to" mbele yake, hubeba neno "hapana" lisiloonekana. "It is very late" maana yake umechelewa sana, lakini labda bado waweza kupanda. "It is too late to plant" maana yake wakati umepita, usipande. Vivyo hivyo "too wet to store" ni mahindi yasiyoweza kuwekwa, na "too young to serve" ni mtamba ambaye hajafika umri wa kupandishwa.

Ndiyo sababu mtu huweza kupokea barua isemayo kwamba ombi lake limekuja "too late to be considered", akatafuta neno "not" asilione, akafurahi. Hungoja jibu miezi mingi, na jibu liko katika mfuko wa koti lake: ombi limekataliwa kwa kuchelewa. Kama angalielewa siku ile ile, angaliuliza ni lini maombi yatapokewa tena.

"Not too deep"

Agizo kama hili halisemi "usichimbe". Lasema chimba, lakini usipite kiasi. Mbegu ya mahindi katika udongo wenye maji hutosha kama sentimita 5. Ikizikwa mbali mno, mche huchoka kabla ya kutokeza. Na "not too close to the seed" huonya juu ya mbolea: itie shimoni, uifunike kwa udongo, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza.

"Too much", "too many" na "too" ya mwisho

"Too much" hutumika kwa visivyohesabika, kama maji na mbolea. "Too many" ni kwa vinavyohesabika, kama ng'ombe. Wala usiandike "Thank you too much" ukitaka kushukuru, kwa maana mwenye kusoma ataona kama walalamika. Andika "Thank you very much". Tena usimwandikie mnunuzi kwamba mahindi yako ni "too dry" ukitaka kuyasifu, maana atadhani yamekauka hadi kupasuka. Andika "very dry".

Lakini "too" likiwa mwisho wa maneno huwa ni "pia". "Your wife must sign too" maana yake mke wako pia lazima atie sahihi. Hakuna kiasi kilichopitwa hapo. Tazama basi mahali lilipokaa: likitangulia neno la sifa, kama "wet" au "late", ni kupita kiasi, likifunga maneno, mara nyingi ni pia.

Ufanye nini?

Ukipewa karatasi yenye "too", usiondoke kwenye dirisha kabla ya kuuliza mambo matatu. Mpaka ni kiasi gani? Changu kimezidi kwa kiasi gani? Je, yaweza kusahihishwa, na kabla ya siku gani? Omba majibu yaandikwe kwa tarakimu kwenye karatasi ile ile. "Too wet" peke yake ni nusu ya habari. "Maji 17, yatakiwa 13.5" ni habari kamili, na mtu huweza kwenda nyumbani akajua siku ngapi za jua anazohitaji.