FISADI NI NANI HASA?

Wahakiki chipukizi wengi wakikutana na neno "fisadi" katika riwaya au shairi la zamani, haraka haraka huandika: "mla fedha za umma". Hapana bwana! Tulipime neno kwanza, ndipo tumhukumu mhusika.

Neno hili asili yake ni Kiarabu. Mzizi wake, f-s-d, unahusu kuharibika. Hata chakula kilichooza hutajwa kwa mzizi huo. Kinyume chake ni s-l-h, mzizi uliotupatia "suluhu" na "maslahi". Basi tunaposema fisadi kahujumu maslahi ya umma, tunakutanisha mahasimu wa tangu huko kwao.

Kiswahili nacho kililielekeza neno zaidi chumbani. Katika kamusi za zamani fisadi ni mpotovu wa tabia, mzinzi, mtongozaji anayeharibu wanawake. Hazina ya serikali haimo.

Maana ya wizi wa mali ya umma ilishika kasi Tanzania baada ya Septemba 15, 2007, Dkt. Willibrod Slaa aliposoma orodha ya aliowaita mafisadi kwenye mkutano wa hadhara Mwembe Yanga, Dar es Salaam. Kwa Wakenya, tume iliyoundwa 2011 ni ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Taasisi ya Tanzania, TAKUKURU, yenyewe inapambana na "rushwa".

Je, si mamoja? La. Rushwa inataka watu wawili: mtoaji na mpokeaji. Fisadi anaweza kukaa peke yake ofisini, akatia saini, na nchi ikaharibika.

Sasa tumtazame Deogratias katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971). Huyu ni Bwana Maendeleo, mtu wa cheo, naye anamharibu Rosa. Ukimwita fisadi kwa maana ya leo tu, utaanza kutafuta fedha alizokula, na Rosa utamsahau. Ukishika maana ya kale, utamwona binti aliyeharibiwa. Kisha utajiuliza cheo kile kilimsaidiaje mharibifu. Hapo ndipo maana mbili zinaposhikana mikono: amana imekabidhiwa mtu, naye kaiozesha.

Kwa hiyo, ndugu mhakiki, kabla hujaandika "ufisadi" katika dhamira zako, tazama mwaka wa kitabu, halafu uliza: kimeharibiwa nini, na nani aliyekabidhiwa akitunze?