Kompyuta Isiyowaka Baada ya Kusasishwa: Tuitafute Wapi Hitilafu?

Katika mabweni na ofisi za vyuo vyetu, mtu ambaye kompyuta yake imegoma humwendea fundi na sentensi moja tu: "Mashini inakatala kuwaka." Msemaji wa Kiswahili sanifu atasema "haiwaki", lakini upungufu ni ule ule. Kitenzi hiki "kuwaka" kinabeba hapa hali nne zisizofanana. Huenda mashine haina dalili yoyote ya umeme. Huenda ina umeme lakini skrini yabaki nyeusi. Huenda yaonyesha nembo ya mtengenezaji kisha yakwama hapo. Au huenda yafika karibu kabisa na kufunguka, kisha yajizima na kuanza upya, tena na tena. Kila hali ina chanzo chake na dawa yake, na asiyezitofautisha huishia kwenye dawa moja inayotibu zote kwa kufuta kila kitu, yaani kufomati diski.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji asiye fundi namna ya kuzitambua hali hizo, hasa pale mgomo unapofuata sasisho la mfumo. Tutazungumzia kompyuta zenye Windows, kwa kuwa ndizo nyingi mikononi mwa wanafunzi na walimu.

Jinsi kompyuta inavyoamka

Kompyuta haiwaki kwa tendo moja. Huamka kwa hatua, kila hatua ikikabidhi kazi kwa ile inayofuata. Mtu akibonyeza kitufe, umeme hufika kwenye ubao mkuu, na hapo programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao huo huanza kazi. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 programu hiyo iliitwa BIOS. Katika mashine za leo nafasi yake imeshikwa na UEFI, ingawa mafundi wengi wangali wakitumia jina la zamani. Hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta kwenye diski programu ya pili, nayo ndogo, ambayo kazi yake ni kuuita mfumo endeshi. Mfumo endeshi ukiisha kuitwa hupakia kiini chake, halafu viendeshi, yaani programu zinazouwezesha kuzungumza na skrini, diski, sauti na vifaa vingine. Mwishoni ndipo huja ukurasa wa kuandika neno la siri.

Sasisho la kila mwezi la Windows hugusa hasa hatua za mwisho. Halichomi waya wala halivunji kifaa cha umeme. Kwa hiyo, ikiwa mashine haina taa wala sauti ya feni, sasisho si mshtakiwa wa kwanza, hata kama jambo lilitokea dakika ile ile. "Baada ya" si "kwa sababu ya". Sasisho huilazimisha mashine kuzima na kuwaka upya, na kifaa kilichochoka mara nyingi hufichua uchovu wake wakati huo huo wa kuwashwa. Hapo yafaa kukagua soketi, waya na chaja. Ikiwa ni kompyuta ya mkononi, ichomolewe, betri itolewe kama inatoka, kitufe kishikwe kwa muda wa nusu dakika, kisha umeme urudishwe.

Ikiwa feni inazunguka na skrini ni nyeusi, kuna jaribio rahisi. Bonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Kataa yake ikiwaka na kuzimika, yaelekea kompyuta imeamka na kilichokosekana ni picha tu. Basi unganisha skrini nyingine, au shuku kiendeshi cha picha.

Sasisho lililokatizwa na sasisho bovu

Hali ya tatu na ya nne, kukwama kwenye nembo na kuzunguka bila mwisho, ndizo ambazo sasisho husababisha kweli. Kwetu sababu ya kwanza yajulikana na kila mtu: umeme. Sasisho huandika sehemu ya mafaili kabla ya mashine kuzimwa na sehemu nyingine inapoamka. Umeme ukikatika katikati, mfumo hubaki na mafaili mapya kando ya yale ya zamani, na hayapatani. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Windows yenyewe hujaribu kuyarudisha mambo jinsi yalivyokuwa. Jambo hilo, katika diski za zamani zinazozunguka, laweza kuchukua saa nzima au zaidi. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiona imesimama, wanaikata umeme kwa hasira, na kuumalizia mfumo uharibifu ambao ulikuwa nusu. Tazameni taa ndogo ya diski. Maadamu yapepesa, kazi inaendelea; iacheni hata usiku kucha, ikiwa umeme wa usiku huo una huruma.

Sababu ya pili ni sasisho lenyewe kuwa na kasoro. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka kwa sababu ya sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Viwanja vya ndege na hospitali vilikwama. Nyingi kati ya mashine hizo zilizunguka zikijizima na kujiwasha, na mtu aliyezitazama angeapa kwamba zimekufa. Kumbe kosa lilikuwa katika faili moja. Fundi akiingia kwa njia ya usalama na kulifuta, mashine iliamka na kazi za mwenyewe zikiwa mahali pake. Mwezi uliofuata, Agosti 2024, sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia programu za kuamsha zenye udhaifu lilifanya baadhi ya kompyuta zenye Windows na Linux pamoja zikatae kufungua Linux. Huko nako diski zilikuwa nzima.

Okoa kwanza, tengeneza baadaye

Kwa mtafiti, kompyuta ni bei ndogo kuliko kilichomo. Tasnifu yaweza kuandikwa tena kwa machozi. Lakini sauti za wazee zilizorekodiwa vijijini, ambao baadhi yao wamekwisha kufariki, hazina nakala nyingine. Basi kabla ya kugusa chochote, mafaili na yatolewe.

Jambo hilo lawezekana kwa sababu sasisho hubadilisha hasa kabati la mfumo, ilhali maandishi ya mtu hukaa katika kabati jingine lenye jina lake. Kwa kompyuta ya kuazima, andaa flashi ya GB 8 au zaidi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu. Washa mashine iliyogoma kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha (neno "kusakinisha" lisiguswe, maana laweza kufuta diski), kisha nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Njia nyingine ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nzima, ikiwa haikuunganishwa daima na ubao.

Kikwazo kimoja ni kikubwa. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, hata mwenyewe akiwa hajui. Baada ya sasisho, mashine yaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, nao waweza kusomwa kwa simu. Asiye nao hana fundi wa kumsaidia. Kitakachobaki ni kufuta. Uandikwe kwenye karatasi leo, mashine ikiwa ingali nzima.

Kutengeneza

Windows ikishindwa kuamka mara mbili mfululizo, mara inayofuata hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Isipofanya hivyo, washa, na nembo ikitokea shikilia kitufe mpaka izimike, rudia. Katika mashine zenye Kifaransa, fuata "Dépannage", kisha "Options avancées". Humo mna utengenezaji wa kuanza, ambao hujaribiwa kwanza kwa kuwa haugusi mafaili ya mtu. Mna pia kuondoa masasisho. Hapo utaulizwa kama ni sasisho dogo la kila mwezi au toleo jipya zima. Kwa toleo jipya, njia ya kurudi nyuma hubaki wazi kwa siku 10 kwa kawaida, kisha mfumo hufuta toleo la zamani ili kupata nafasi.

Ukishuku kiendeshi, ingia kwa "Mode sans échec", namba 4 katika orodha, ambamo Windows hupakia viendeshi vya lazima tu. Mashine ikiamka humo, kiini ni kizima na mkosaji ni kitu kilichoongezwa juu yake. Kwa sasisho lililokatizwa kuna amri moja yenye manufaa, inayoandikwa katika dirisha jeusi la amri: DISM /Image:C:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions. Lakini katika ukurasa wa matengenezo herufi ya diski yaweza kuwa D badala ya C, ikaguliwe kwanza. Yote yakishindwa, kuna kuiweka Windows upya huku mafaili ya mtu yakihifadhiwa. Programu alizoongeza zitapotea.

Wapo wanaohitimisha kwamba dawa ni kuzuia masasisho milele. Hatukubaliani nao. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka ule ule. Afadhali kuahirisha: Windows 11 huruhusu kusimamisha masasisho hadi juma tano, muda unaotosha kumaliza mitihani au kutetea tasnifu. Sasisho la UEFI, hilo peke yake, lisifanywe kamwe bila betri iliyojaa, kwa maana likikatika katikati mashine yaweza kushindwa hata hatua ya kwanza, na chipu ikahitaji kuandikwa upya na fundi mwenye kifaa chake.

Anayempelekea fundi mashine ampe pia karatasi: ilikwama katika hatua gani, maneno gani yalionekana kwenye skrini, sasisho lilianza lini, umeme ulikatika au la. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: diski isifomatiwe kabla ya kuniuliza.