Kichujio cha barua pepe na ushahidi wa wengi

Mtumaji wa barua taka hamwandikii mtu mmoja. Huipeleka barua ileile kwa maelfu ya watu kwa mpigo, na wingi huo ndio unaomfichua. Huduma shirikishi za kutambua barua taka zimejengwa juu ya jambo hilo: seva inapopokea barua, huuliza kama kuna wengine walioipata na wameionaje.

Huduma ya aina hii iliyopata jina mapema ni Vipul's Razor, iliyoanzishwa na Vipul Ved Prakash mwaka 1998. Zikafuata Pyzor na DCC. Zote tatu huunganishwa na SpamAssassin, kichujio kilichoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, ambacho leo kinasimamiwa na Apache Software Foundation.

Wakati wa kuuliza, barua yenyewe haitoki kwenye seva. Kinachotumwa ni alama fupi iliyokokotolewa kutokana na maandishi yake. Ugumu ni kwamba herufi moja ikibadilika, alama nzima hubadilika, na watumaji wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo Pyzor kwanza hufuta vitu vinavyobadilishwa kirahisi: anwani za barua pepe, viungo vya tovuti, alama za HTML, nafasi na mifuatano mirefu ya herufi. Barua ikiwa ndefu kiasi, huchukua mistari michache kuanzia asilimia 20 ya maandishi na mingine kuanzia asilimia 60, kisha hukokotoa kwa mistari hiyo tu. Barua inayoanza “Mpendwa Asha” na nyingine inayoanza “Mpendwa Juma” hutoa alama moja, kwa sababu salamu haikuhesabiwa.

Majibu ya huduma hizi hayana maana moja, na hapa ndipo wasimamizi wengi wa seva hujikwaa. Razor hutegemea watu walioripoti barua kuwa ni taka; walioripoti husajiliwa, na kila mmoja huaminiwa kwa kadiri taarifa zake zinavyokubaliana na za wengine. Aliyekosea anaweza kuifuta ripoti. DCC haiulizi kama mtu amelalamika. Huhesabu tu barua imeonekana mara ngapi, kwa hiyo tangazo la chuo kwa wanafunzi wake wote au taarifa ya benki kwa wateja huonekana kubwa sawasawa na taka. Anayeitumia DCC bila kuandaa orodha ya watumaji walioruhusiwa atapoteza barua halali.

SpamAssassin hupunguza hatari hiyo kwa kutoa pointi badala ya hukumu. Kwa mipangilio ya kawaida, barua huhesabiwa taka ikifikisha pointi 5, na jibu la Pyzor au DCC peke yake halifikishi hapo. Kuipandisha pointi ya huduma moja hadi iamue yenyewe si busara.

Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Razor huandaliwa kwa razor-admin -create, kisha razor-admin -register kwa atakayeripoti. Linalosahaulika ni ukuta wa kinga wa mtandao: Razor hutoka kwa TCP poti 2703, Pyzor kwa UDP 24441, DCC kwa UDP 6277. Poti zikifungwa, kichujio husubiri jibu mpaka muda uishe, kisha huendelea bila huduma hiyo. Dalili huwa ni barua kuchelewa kwa sekunde kadhaa tu, na taka kupita. Amri ya spamassassin -D huonyesha swali lilikwamia wapi.

Kanuni nyingi za SpamAssassin zinazochunguza maneno ziliandikwa kwa kuzingatia Kiingereza, na taka ya Kiswahili huzipita. Alama ya Pyzor au Razor haijali lugha. Hata hivyo lazima mtu awe ameshairipoti, na taka ya Kiswahili iliyotumwa kwa watu mia chache huenda isiripotiwe na yeyote. Hapo kichujio hufundishwa nyumbani, kwa takwimu za Bayes zinazotokana na barua za seva yenyewe. Amri ya spamassassin -r hufanya yote mawili: huripoti barua kwa huduma zilizounganishwa, na kwa mipangilio ya kawaida huiingiza pia kwenye mafunzo ya Bayes.