KUHARA BAADA YA KUMEZA ANTIBIOTIKI



Kwetu Uvira, Nyamianda kama mitaa mingine, mtu akianza kuhara neno la kwanza ni kolera. Si ajabu: wengi wanachota maji ya ziwa na ya mito, na mwaka 2020 chanjo ya kunywa ya kolera ilitolewa mjini. Lakini kuna kuhara kwingine, ambako mlango wake unafunguliwa na dawa tunazomeza wenyewe.

Sumu ndiyo inayoumiza

Mikrobi ya kolera haitoboi utumbo. Inatoa sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili. Kwa hiyo kinyesi kinafanana na maji yaliyooshewa mchele, na mgonjwa anaweza kufa kwa masaa machache.

Mikrobi nyingine inaitwa klostridiumu difisile. Inaweza kukaa tumboni bila kumsumbua mtu, kwa sababu mikrobi nzuri za utumbo zinaizuia. Tuseme mfanyakazi ana mafua. Ananunua sokoni kapsuli za ampisilini bila kuonwa na munganga. Ampisilini haiponyi mafua, lakini inaua mikrobi nzuri. Difisile inapata nafasi, inaongezeka, na kutoa sumu mbili zinazochubua ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Utumbo unavimba na kutoa usaha.

Mwaka 1978 munganga John Bartlett na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mikrobi hii na sumu yake ndizo zinazoleta ugonjwa huo. Hata leo unawapata zaidi wazee na watu waliolazwa hospitali. Unaweza kuanza mtu akiwa bado anameza dawa, au wiki kadhaa baada ya kumaliza.

Alama zake

Kuhara mara tatu au zaidi kwa siku, tumbo kuuma, homa, pengine damu. Usijaribu kujua mwenyewe kama ni kolera au difisile: hospitali ndiyo inayopima.

Fanya hivi

1. Anza kunywa mara moja. Changanya pakiti ya chumvi za kuhara katika litre 1 ya maji safi. Kama pakiti hakuna, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anyonye kama kawaida.

2. Nenda hospitali upesi. Mwambie munganga dawa zote ulizomeza miezi mitatu iliyopita, hata zile za sokoni. Peleka pakiti zake.

3. Usimeze kinini cha kufunga tumbo, wala usiongeze antibiotiki nyingine. Sumu itabaki ndani, na mikrobi nzuri zitazidi kufa.

4. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Alkoholi haiui mbegu za difisile. Choo na vyombo vya mgonjwa vioshwe kwa maji ya javeli.

Antibiotiki si adui. Munganga akikuandikia, meza kama alivyosema, na ukianza kuhara rudi kwake. Lakini kapsuli zilizobaki nyumbani usimpe jirani, na usiziweke akiba kwa ugonjwa mwingine.