Barafu ya Rwenzori Kwenye Skrini ya Mususa

Ukipita barabara ya Beni–Kasindi asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Rwenzori hujitokeza kwa muda mfupi kabla mawingu hayajaurudia. Kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani na Uganda. Miteremko ya huku kwetu Kongo imo ndani ya Hifadhi ya Virunga. Afrika ina milima miwili tu inayouzidi kwa urefu, Kilimanjaro na Kenya.

Mimi nafundisha jiografia hapa Mususa, mjini Butembo. Wanafunzi hawaachi kuniuliza: "Mwalimu, ni kweli barafu ya mlima inaisha?" Jibu zuri lingekuwa kuwapeleka Mutwanga, tushike njia ya Kalonge na Mahangu, wakajionee. Lakini hakuna mzazi atakayeniachia mtoto, na mimi mwenyewe nisingekubali. Waasi wa ADF wameua watu wengi mno katika vijiji vilivyo chini ya mlima, na Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo tunautazama mlima kupitia macho yaliyo angani.

Setilaiti za Landsat za Marekani zinaipiga dunia picha tangu 1972. Picha zinazotumika zaidi kupima barafu zinaigawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa mita 30, na kila kipande huwa nukta moja tu ya rangi. Kiwanja cha mpira kinaenea katika nukta nane hivi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zinaona vizuri zaidi: nukta zake ndogo zaidi zina mita 10 kwa 10. Picha za Landsat zilifanywa za bure mwaka 2008, na za Sentinel-2 ni za bure pia. Kinachohitaji kulipiwa ni bando la intaneti, na hilo kwa mwalimu wa Butembo si jambo dogo.

Tatizo kubwa la Rwenzori ni mawingu. Ni meupe, barafu nayo ni nyeupe, na jicho la kawaida haliwezi kuvitenganisha. Setilaiti inaweza, kwa sababu inapima pia miale ya infraredi ambayo sisi hatuioni. Barafu na theluji hurudisha sana mwanga wa kijani lakini humeza miale ya infraredi ya mawimbi mafupi. Mawingu mengi huirudisha yote miwili. Basi wataalamu huchukua kipimo cha kijani, hutoa kile cha infraredi, kisha hugawanya kwa jumla ya vyote viwili. Nukta ikizidi 0.4 hivi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa theluji au barafu. Wanafunzi wangu wanapenda sana hatua hii. Tunapanga rangi upya kwenye skrini: mawingu yanabaki meupe, msitu unakuwa kijani kikali, na pale juu kabisa kwenye mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, panabaki doa la samawati. Darasa zima hunyamaza likisogea karibu.

Lakini doa hilo linaweza kudanganya. Theluji iliyoanguka jana usiku huonekana sawa na barafu ya miaka mingi, ingawa kesho kutwa itakuwa imeyeyuka. Ndiyo maana huchaguliwa picha za miezi yenye mvua kidogo, kama Januari na Februari au Juni na Julai, na hulinganishwa kadhaa. Barafu ya kweli ni ile inayobaki mahali pale pale katika picha zote.

Sasa hesabu yenyewe. Mwaka 1906 msafara wa mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, akiwemo mpiga picha Vittorio Sella, ulichora ramani ya vilele hivyo. Kutokana na kazi hiyo, barafu ya wakati ule inakadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi. Picha za Landsat za 1987 zilionyesha 2.01. Mwaka 2003 ilibaki 0.96. Leo ni chini ya nusu kilomita ya mraba, karibu yote ikiwa Stanley. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia, iliyo sehemu ya Rwenzori pia, haina tena barafu.

Sababu zimebishaniwa na wataalamu. Wapo wanaoweka mbele joto la hewa lililopanda. Wengine wanasema tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikauka: mawingu yakapungua, theluji ikapungua, jua likapata nafasi ya kuila barafu moja kwa moja. Naona hoja zote mbili zina uzito. Huku kwetu Ikweta hakuna majira ya baridi ya kuipumzisha barafu, hivyo mabadiliko madogo tu yanaiumiza mwaka mzima.

Swali linalofuata huwa la maji: barafu ikiisha, mto wetu wa Butahu utakauka? Hapana. Watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, walikuta maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yanayoshuka chini. Mito ya mlima huu inalishwa na mvua, na mvua hiyo hushikwa na misitu na vinamasi vilivyo chini ya vilele. Nasema hili wazi kwa sababu nimewasikia watu wakikata tamaa, eti mlima umekwisha kufa. Barafu hatutaiokoa sisi wa Butembo na Beni. Msitu tunaweza, na setilaiti zile zile zinauonyesha ukikatwa, nukta kwa nukta.

Kuna kazi moja ambayo setilaiti haiwezi: kurudi nyuma ya 1972. Mutwanga, Lume na Bulongo kuna familia za wazee waliowaongoza na kuwabebea mizigo wapandaji wa zamani. Kama nyumbani kwenu ipo picha ya mlima, hata iliyofifia, andikeni nyuma yake mwaka na mahali ilipopigwa mzee angali anakumbuka, kisha mpelekeeni mwalimu wa jiografia aliye karibu nanyi aipige nakala.