Ukucha, chupa na nyuzi: Warsha za kiangazi zinavyonusuru ufundi wa banjo na bluzi

KILA ifikapo mwezi wa Julai, wakati ambapo wanafunzi wa kawaida wako likizoni, mabweni ya vyuo kadhaa nchini Marekani hupokea wageni wa aina nyingine. Ni watu wa makamo kwa vijana, wamebeba gitaa na banjo mgongoni, wamelipa karo ya wiki moja ili wafunzwe ufundi ambao zamani haukuwa na darasa wala karo.

Mjini Elkins, jimbo la West Virginia, warsha za Augusta zilianza mwaka wa 1973. Katika bonde la Swannanoa, North Carolina, Chuo cha Warren Wilson kilifuata mkondo huo mnamo 1992. Huko Port Townsend, pwani ya magharibi, wapenzi wa bluzi hukutana Fort Worden, iliyokuwa ngome ya kijeshi.

Anayejifunza banjo ya jadi aghalabu huanza kwa kusahau. Aliyezoea gitaa hudonoa nyuzi kwa kuzivuta juu. Mtindo wa klohama, ambao jina lake limetokana na nyundo ya kung'olea misumari, hutaka kinyume chake: mkono hupindwa kama ukucha wa nyundo hiyo, kisha kidole cha shahada au cha kati huupiga uzi kwa upande wa kucha, kuelekea chini. Mkono unaposhuka tena kupangusa nyuzi, kidole gumba huwa kimetua juu ya uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo ya banjo, na kuuachilia. Mwendo ni huo tu, lakini kuna wanaoufanyia mazoezi siku mbili nzima kabla ya kuruhusiwa kugusa wimbo.

Uzi huo mfupi una historia ndefu. Wajola wa Gambia, Casamance na Guinea-Bissau wana ala iitwayo akonting, yenye kibuyu, ngozi na nyuzi tatu. Uzi mmoja ni mfupi na hupigwa kwa gumba, ilhali kucha hushuka juu ya mwingine. Mtafiti wa Gambia, Daniel Laemouahuma Jatta, alipoionyesha kwa wataalamu wa banjo nchini Marekani mnamo 2000, waliutambua mwendo wa mkono mara moja. Waafrika waliouzwa utumwani ndio waliovusha maarifa haya baharini. Joel Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyevuma kwa banjo katika karne ya 19, aliyapata kwao.

Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwakejeli watu weusi jukwaani ndio walioipa banjo umaarufu, na kejeli hiyo ilichangia pakubwa kuwafanya Wamarekani weusi wengi kuitupa ala ya mababu zao. Hadi leo, darasa la banjo linaweza kuanza na kumalizika bila mwanafunzi mmoja mweusi, jambo ambalo haliwezi kuitwa sadfa.

Mnamo Aprili 2005, mkutano wa wapiga banjo weusi ulifanyika mjini Boone, North Carolina. Hapo vijana watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walikutana, na baadaye wakawa wakienda nyumbani kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla wa Mebane, kujifunza kwa kusikiliza na kufuatisha. Kundi lao, Carolina Chocolate Drops, lilitunukiwa tuzo ya Grammy mwaka wa 2011. Mzee Thompson alifariki Februari 2012 akiwa na umri wa miaka 93. Lau vijana hao wangechelewa miaka saba, wangekuta kinasa sauti tu.

Gitaa la bluzi la kutelezesha nalo lina masharti yake. Nyuzi hutiwa sauti upya ili zikipigwa bila kubanwa zitoe sauti zinazoafikiana. Kisha bomba fupi la kioo au chuma huvishwa kidole cha mwisho au cha pete. Waasisi walitumia shingo ya chupa, wengine kisu. W.C. Handy aliandika kwamba yapata mwaka wa 1903, katika kituo cha garimoshi cha Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akitelezesha kisu juu ya nyuzi za gitaa, muziki ambao hakuwahi kusikia mfano wake.

Kosa la wengi ni kukandamiza. Bomba halipaswi kuusukuma uzi hadi ugonge ubao, linauelea tu. Tena hukaa sawasawa juu ya chuma chembamba kilichopachikwa shingoni mwa gitaa, wala si nyuma yake kama kidole kinavyokaa. Vidole vilivyo nyuma ya bomba huzigusa nyuzi kidogo kuzima kelele. Ukikosea kwa unene wa sarafu, sikio litakusuta. Ila katika upenyo huo huo, kati ya sauti moja na nyingine, ndimo bluzi hulia kama mtu.

(Wapenzi wa gitaa la magharibi mwa Kenya wana chupa yao pia, ya Fanta, ambayo migongo yake hukwaruzwa kutoa mdundo. Na gumba linaloshikilia besi huku shahada ikiimba si geni kwa aliyewasikiliza George Mukabi au Jean-Bosco Mwenda wa Katanga.)

Walimu wengi wa warsha hizi hawagawi noti zilizoandikwa. Mwalimu hupiga kifungu, wanafunzi hurudia, kikarudiwa tena hadi kiingie. Simu huruhusiwa kunasa sauti. Hata hivyo, funzo kubwa hutokea usiku, baada ya chakula, wanafunzi na walimu wanapoketi kwa duara barazani na wimbo mmoja ukazungushwa robo saa bila kukatika. Asiyeujua hukaa nyuma ya anayeujua na kuutazama mkono wake wa kulia.